Mchezo wa Jukwaani

Cornelius Tighe sikumpenda, na mpaka leo sijamsamehe. Katika timu yetu ya besiboli yeye alilinda upande wa kushoto wa uwanja, mimi nikilinda katikati, na kila mpira uliopaa kwake aliudaka kwa kugaagaa. Kwanza alisimama tuli, makusudi. Mpira ukikaribia kumpita ndipo anachomoka mbio, anajirusha, anabiringika, kisha anainuka na vumbi hadi kwenye nyusi, kofia mkononi, akiwainamia watu wa jukwaa lenye paa, wale waliolipa zaidi ili wasichomwe na jua. Wachezaji wa jimbo zima la Indiana walikuwa na jina la uchafu huo: mchezo wa jukwaani. Siku hizi nasikia hata wanasiasa wanatukanwa hivyo. Wanastahili.

Mimi nilijifunza vingine. Nilitazama mguu wa mpigaji, na kabla gongo halijagusa mpira nilishaanza kwenda. Mpira uliposhuka ulinikuta nimesimama naungoja.

Jumamosi ile baba yangu, Désiré, alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mbelgiji, fundi wa kupuliza vioo. Timu kubwa ya mji wa Toledo ilinitaka, lakini bila ruhusa yake nisingeweza kuondoka.

"Nikiona ni kazi, nenda," aliniambia. "Nikiona ni utoto, Jumatatu unaingia tanurini, kupuliza vioo nami."

Nilidaka kila mpira ulionijia, hata ule uliokwenda hadi kwenye uzio. Hakuna aliyepiga kofi. Tighe akagaagaa weee, jukwaa zima likasimama.

"Mpira ule hata bibi yangu angeudaka!" nilimfokea kwenye ndoo ya maji.

"Na wako umeudaka, nani kakuona?" Alikuwa akipangusa vumbi polepole, asije akalimaliza. "Watu wamelipa, Florent. Wape kitu. Acha kununa kama umefiwa."

"Mnafiki mkubwa we!"

"Kamuulize mzee wako."

Mchezo ulipokwisha nilimkuta baba nyuma ya jukwaa, katikati ya watu. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa kupiga makofi. Nilifurahi mno.

"Umeona, baba?"

"Nimeona. Yule kijana wa kushoto anafanya kazi. Anatoka jasho. Wewe umesimama tu mchana kutwa, mpira unakufuata kama kuku aliyeona mtama."

Hasira zikanipanda. "Na wewe ukipuliza kioo, baba, huwa unagaagaa chini?"

Watu wakageuka. Mji mzima ulijua kwamba Désiré hupuliza kioo kama mtu anayepumua tu. Alinielewa, niliona machoni mwake kwamba amenielewa. Kisha akawatazama wale waliotuzunguka, akaiweka kofia yake sawa, akapandisha sauti ili wote wasikie.

"Jumatatu, tanurini!"

Wakampigia makofi.