Aliyeomba Waya Ulegezwe

Mwenyekiti alipopiga simu kumtaka aje kumjengea mnara, Kipanga alikuwa jikoni kwa kaka yake anamenya vitunguu, na wifi yake amekaa kwenye kigoda anabadilisha zipu ya suruali ya mteja. Kipanga alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Sawa, Mwenyekiti. Nitakuja," akailaza simu mezani taratibu, akashika kitunguu kingine.

"Nani huyo?" wifi aliuliza, amebana pini mdomoni.

"Kazi."

"Kazi gani ina sauti ya mwanaume anayejipenda hivyo?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Kipanga, na alishukuru kwamba vitunguu vipo.

Jina la Kipanga alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akisita kupanda. Ufundi wenyewe aliurithi kwa kaka yake. Kaka ndiye aliyekuwa akiwajengea minara wale wapenzi wa redio, watu ambao mchana ni mafundi cherehani, walimu na wauza spea, na wakirudi nyumbani wanavaa vipokea sauti masikioni na kuzungumza na wenzao wa upande wa pili wa dunia kwa mitambo ya kujiundia. Kila mmoja wao alitaka mnara mrefu kuliko wa jirani na antena kubwa kuliko ya jana. Kaka aliwacheka, lakini aliwapenda. Alisema ni kundi pekee la watu wazima analolijua ambalo linafurahi likisikia mtu wa mbali anakohoa.

Chama chao kilikuwa na Mwenyekiti, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Uwanjani nyuma ya duka ndiko mnara wa kwanza wa chama ulikosimamishwa. Siku hiyo wageni walialikwa, mpiga picha akaletwa. Kaka alikuwa juu kabisa anafunga antena, Kipanga yuko chini ameshika kamba ya kapi. Mpiga picha akalalamika kwamba kwenye picha mnara unaonekana umeinama kidogo.

Sasa, kazi hii ina sheria nyingi, lakini kuna moja ambayo hata anayepika chai ya mafundi anaijua. Mnara mwembamba hausimami kwa nguvu zake. Unashikiliwa na nyaya za chuma zinazoshuka kila upande mpaka kwenye vitalu vya zege. Mtu akiwa juu, nyaya haziguswi. Kipanga alimwona Mwenyekiti akichukua spana, akitembea kwa madaha mpaka kwenye kitalu, akaanza kuifungua skrubu kubwa ya kukazia waya. Kipanga alipiga kelele. Mwenyekiti akamwonyesha kiganja, kama mtu anayemnyamazisha mtoto ugenini, akaendelea kuzungusha. Mnara ukajikunja katikati, kama mtu aliyeshikwa na tumbo, ukaenda chini na kaka akiwa amefungwa juu yake.

Kaka hakufa. Ila kuanzia kiunoni kwenda chini, mwili haukuwa tena na habari naye. Na alipokuwa bado amelala hospitali hajitambui, Mwenyekiti alishaanza kusimulia. "Aliniita mwenyewe kutoka juu. Akaniambia, legeza huo waya. Mimi si fundi, nikatii." Alilisema kwa wageni, akalisema kwa polisi, akalisema kwenye kikao cha chama huku anafuta macho kwa leso. Kipanga aliposimama na kueleza alichokiona, walimwambia kwa upole, "Mdogo wetu, una uchungu. Ulikuwa unatazama juu." Kaka alipozinduka na kusema hakumwita mtu yeyote, wakasema kichwa kimepata mshtuko. Hivyo ndivyo fundi aliyekuwa akiaminiwa na kila mtu alivyogeuka kuwa mzembe aliyejiangusha mwenyewe. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko mgongo. Aliacha kugusa redio. Mtu akitaja mnara mbele yake, anageuza kiti chake cha magurudumu kutazama ukuta.

Kipanga akauchukua mkanda wa kupandia wa kaka yake, akaingia kazini. Watu walidhani ni kwa sababu ya riziki, na kweli riziki ilikuwemo. Lakini kila alipokuwa juu, upepo unampiga masikioni, alikuwa akimfikiria mtu mmoja. Miaka ilipita, hasira haikupoa. Ilikaa tu, kama kisu kilichotiwa mafuta kikafungwa kwenye kitambaa.

Na sasa mtu huyo amempigia simu mwenyewe.

Mwenyekiti alitaka, uwanjani pale pale nyuma ya duka, mnara mrefu kuliko wote, wenye antena pana kama paa la nyumba, ili chama kishinde mashindano ya kuwasiliana na nchi za mbali. Wapandaji wengine waliokuwa wakimfanyia kazi walishahama au walishazeeka. Tena kumwajiri Kipanga kulimpa sifa. Kila mgeni alipofika uwanjani kutazama kazi, Mwenyekiti alimshika bega Kipanga na kusema, "Huyu ni mdogo wake yule fundi wetu aliyepata ajali. Watu waliniambia nisimwite. Mimi nikasema hapana, mimi sina kinyongo."

Kipanga alitabasamu, tabasamu la mtu anayeuza dukani kwa mwenzake. Hana kinyongo. Alikwenda nalo neno hilo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Kazi aliifanya kwa namna ambayo kaka yake angeikubali. Vipande vya mnara alivikagua kimoja kimoja, akivipigapiga kwa spana na kusikiliza. Nati alizipaka grisi. Zege alilifunika kwa magunia na kulimwagia maji mpaka likakomaa, Mwenyekiti akilalamika kwamba anachelewesha. Kwa waya wa upande wa geti alifanya jambo la ziada. Sambamba nao alifunga waya mwingine wa muda, mpya, mnene, wenye kitalu chake, kama mafundi wanavyofanya wanapoinua mzigo mzito. Kila aliyepita uwanjani aliuona. Hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti hakuwahi kufuatilia waya unaanzia wapi na unaishia wapi. Alikuwa akitazama urefu tu.

Alipoona mnara unakaribia kukamilika, Kipanga alimwambia, "Mwenyekiti, siku ya kuuzindua ungepanda wewe mwenyewe. Ukapeperusha bendera ya chama kule juu."

Mwenyekiti alicheka. "Na tumbo hili?"

"Tumbo linapanda na mwenyewe. Nitakufundisha."

Akamfundisha. Kila jioni baada ya kufunga duka, alimvalisha mkanda wa usalama, akamwonyesha pa kukanyaga na pa kushika, akampandisha hatua chache, akamshusha, akampandisha tena. Hakuwahi kumharakisha. Kuna siku mguu wa Mwenyekiti uliteleza akanasa kwenye mkanda, akatweta, akamwangalia Kipanga kwa macho ya shukrani. "Mikono yako ni salama sana," alimwambia. Kipanga alisema asante. Moyoni alikuwa ameshawaza mengine, mabaya zaidi, ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya watu. Aliyafukuza. Maiti haisemi ukweli, na yeye alitaka Mwenyekiti auseme.

Siku ya uzinduzi wanachama walijaa uwanjani. Walikuwemo wale wale wa siku ile, wengine mvi zimewaingia. Mzee mmoja anayetengeneza betri za magari, aliyekuwa rafiki wa kaka zamani, alikaa nyuma kabisa na hakumtazama Kipanga usoni. Hakuwa amemtazama usoni tangu ajali.

Kipanga alimtangulia Mwenyekiti kupanda, akampokea juu, akafunga mkanda wake kwenye chuma kwa kulabu mbili na kuzijaribu. "Uko salama hapa. Usifungue kitu," alimwambia. Mwenyekiti akapeperusha bendera. Chini wakapiga makofi. Kipanga akashuka, haraka, jinsi anavyoshuka siku zote.

Alipofika chini hakwenda kwa watu. Alichukua spana, akatembea mpaka kwenye kitalu cha upande wa geti, akachuchumaa. Makofi yakafifia.

"Mwenyekiti," aliita, sauti ikapanda vizuri kwa sababu upepo ulikuwa umetulia. "Naona mnara umeinama kidogo. Niulegeze waya huu?"

Kule juu Mwenyekiti akainama kumtafuta kwa macho. Halafu, "Nini?"

"Nasema nilegeze waya."

"Usiguse. Kipanga, usiguse. Mimi niko juu."

"Ndiyo, nakuona. Kwa hiyo nilegeze?"

"Una wazimu wewe? Kuna mtu juu. Mtu akiwa juu nyaya hazigu..."

Uwanja mzima ulilisikia neno hilo likikatika. Kipanga aliigeuza skrubu, na waya ukalegea, ukatoa mlio mzito. Mnara ulitikisika kidogo sana. Waya wa muda uliushika kama alivyojua utaushika, lakini aliye juu akitikiswa kidogo huona dunia yote inahama. Mwenyekiti alikumbatia chuma kwa mikono na miguu. Bendera ikamtoka, ikashuka inaelea mpaka kwenye vumbi.

Wanachama wawili walimkimbilia Kipanga. Akainua spana, hakuwatazama. "Atakayenisukuma, mkono wangu utateleza," alisema, na wakasimama pale pale.

"Kaka yangu alisimama hapo hapo ulipo," aliita tena. "Alikuwa na watoto wa kulea kama wewe. Alikuomba ulegeze?"

"Kipanga, mwanangu, nakuomba..."

"Mimi si mwanao. Alikuomba?"

"Nishushe tuzungumze."

Akageuza tena kidogo. Kilio kilichotoka juu hakikuwa cha Mwenyekiti anayejulikana. Kilikuwa chembamba, cha kitoto. Kipanga alikisikia na damu ikamchangamka mwilini. Alikuwa amekisubiri muda mrefu sana, na kilikuwa kitamu, na hakuona aibu.

"Hakuniomba," Mwenyekiti alisema, analia. "Hakusema kitu. Niliufungua mwenyewe. Nilitaka picha itoke vizuri. Ulinipigia kelele, nilikusikia. Nilikusikia."

Kisha yule mzee wa betri akainuka nyuma kule, akavua kofia. "Mimi nilikuwa karibu na kitalu siku ile," alisema, akitazama miguu yake. "Sikusikia mtu yeyote akiita kutoka juu. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu duka lake lilikuwa linanikopesha risasi na asidi za betri."

Kipanga akaukaza waya mpaka ulipokuwa. Mwenyekiti hakuweza kushuka. Miguu ilikataa, vidole viliganda kwenye chuma. Wanachama walitazamana, wakamtazama Kipanga, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Akapanda. Alimbandua kidole kimoja kimoja, akamweka mguu mmoja, akamweka wa pili, mwili mzito ukimlalia, harufu ya mkojo puani. Njia nzima Mwenyekiti alikuwa anasema, "Nisamehe, nisamehe." Kipanga alisema tu, "Mguu wa kulia. Sasa wa kushoto." Alitegemea kwamba akifika chini atakuwa mwepesi. Hakuwa mwepesi. Kama angeambiwa ampandishe tena, angempandisha.

Habari haikukaa uwanjani. Kabla ya giza ilikuwa imeshafika kwa kila mwenye redio, na ilikuwa na pande mbili. Chama kilimvua Mwenyekiti uenyekiti, na watu wakawa wanaingia dukani kwake kununua misumari bila kumsalimia. Lakini Kipanga naye kazi zilikauka. Hakuna anayetaka kupanda mnara uliojengwa na mtu anayeweza kushika spana huku mwenzake yuko juu. Hakuwalaumu.

Nyumbani alimkuta kaka ameshaambiwa. Alikuwa ametazama mlango, si ukuta.

"Ulilegeza waya na mtu yuko juu?"

"Kaka, mtu mwenyewe ni..."

"Sikuulizi ni nani. Nimekuuliza ulilegeza waya na mtu yuko juu?"

"Nililegeza."

Sura ya kaka ilibadilika. Hakuwahi kumtazama Kipanga hivyo, hata Kipanga alipokuwa mdogo akamvunjia redio. "Toka mbele yangu," alisema.

Kwa siku kadhaa hakusema naye. Wifi alikuwa anapitisha salamu kati yao kama karani, akinung'unika kwamba nyumba hii ni ndogo, haitoshi kununiana. Wanachama wakaja wamebeba maneno ya kuomba radhi, mzee wa betri akiwa wa kwanza. Kaka aliwapokea, akawaacha wasimame muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akawasikiliza, na hakuwaambia kwamba amewasamehe. Walipoondoka, alimwita Kipanga.

"Waya ulikuwa peke yake upande ule?"

"Hapana. Nilifunga wa muda pembeni."

"Mnene?"

"Mnene kuliko wenyewe. Na kitalu chake. Nilimwaga zege mwenyewe."

"Klampu za kuubana?"

"Zimeelekea unavyozitaka."

Kaka akapitisha kiganja juu ya goti lake ambalo halihisi kitu. Wifi aliisimamisha cherehani, akasubiri.

"Kwa hiyo asingeanguka."

"Asingeanguka. Ila yeye hakujua."

"Hakujua," kaka alirudia, polepole, kama mtu anayeonja. Akavuta kiti karibu na meza. "Na alilia?"

"Alilia."

"Kwa sauti?"

"Wa barabarani walisikia."

Kaka aliitikia kwa kichwa, akaukunja mkono wa shati, akaukunja tena. Usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Kipanga hakuwa amekiona tangu siku ya mnara ule, na hakikuwa kizuri, lakini kilikuwa hai.

"Kaa," alimwambia mdogo wake. "Anza pale mlipokuwa mnapanda. Usiruke kitu."