Ubalozi wa Chini ya Ngazi

Mimi ndiye niliyempeleka Elinaza nyumbani kwa Tahera. Naanza na hilo kabla wengine hawajalisema.

Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, hakosi mikutano yangu ya wapangaji pale Scarborough, Kanada. Nikiuliza "Serikali ni ya nani?" makofi yake ndiyo yanayosikika kwanza. Tahera, mama wa Kihindi, Khoja wa Tanga, alikuwa na chumba cha chini cha kupangisha. Nikamwambia, "Mchukue, ni mtu mwema."

Januari 2014, Jumapili asubuhi, akanipigia simu. "Bwana Shadrack, njoo umwone mtu mwema wako. Ghulamabbas anatetemeka."

Ghulamabbas ni mumewe, kiharusi kimempoozesha upande mmoja. Nilimkuta amefunikwa mablanketi matatu na koti juu yake. Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri. Mashine ya joto ilikuwa imezimika tangu jana, nayo iko chini, nyuma ya mlango ambao Elinaza ameubadilisha kitasa. Mlangoni kabandika karatasi: UBALOZI. Chini yake, alama ya dole gumba kwa wino mwekundu.

"Fungua!"

"Shikamoo, Mzee Shadrack," akajibu kutoka ndani. Sikuitikia. "Fundi aombe viza kwa maandishi. Siku kumi za kazi."

Gelasius, fundi wa mashine za joto niliyekuja naye, akacheka. Mimi damu ilinichemka.

"Wewe nani wa kutoa viza?"

"Binadamu huru. Sina mkataba na Kanada. Si ulitufundisha mwenyewe tuulize serikali inapata wapi mamlaka?"

"Nilikufundisha uulize pamoja na wenzako! Sikukufundisha ujitawaze juu ya mgonjwa! Mwaka jana figo ilipokuuma, hospitali ulionyesha kadi ya taifa gani? Ya ubalozi wako?"

Nikaugonga mlango kwa ngumi.

"Nchi hii ina wenyewe, wenyeji wake wa asili, Elinaza. Wana mikataba ya kweli na Ufalme wa Uingereza, wamekesha mahakamani babu kwa mjukuu wakidai iheshimiwe. Wewe umekaa Jumamosi mbili hotelini kwenye semina ya tapeli anayefundisha watu kujitangazia uhuru, umetoka na wino mwekundu, tayari una nchi yako!"

"Mzee, usinivunjie heshima ndani ya mipaka yangu."

Mipaka! Sheria ya wapangaji nimejisomea mwenyewe, kifungu kwa kifungu, kwenye basi. Dharura ikitokea, mwenye nyumba anaingia bila notisi. Nikamgeukia Tahera. Akatikisa kichwa kukubali. Gelasius akatoboa kitasa.

Ndani, mheshimiwa balozi alikuwa ameketi na fulana tu. Hita ndogo ya umeme inawaka miguuni pake, imechomekwa kwenye umeme wa Tahera. Watu wanaganda juu, yeye anatoka jasho.

"Mnavamia nchi!" akapiga kelele.

"Sogea, nchi," Gelasius akamwambia, akapita na boksi lake la vifaa.

Tahera hakumtazama. Alikuwa anaibandua ile karatasi, pembe kwa pembe.

"Hii ya pili maishani mwangu," akasema. "Ya kwanza sabini na moja, serikali ilipoichukua nyumba ya baba. Ile ilikuwa na muhuri wa kweli. Baba aliisoma amesimama nje, kikombe cha chai mkononi. Vijana walioibandika walikuwa wanacheka."

Sabini na moja nilikuwa na miaka kumi na tisa, nipo Tanga, na ndoo ya gundi. Sheria ile ya kutaifisha nyumba naitetea mpaka leo: majumba yalikuwa ya wachache, wengi wakilala watano chumba kimoja. Lakini kicheko kile hakikuwa kwenye sheria yoyote. Nakumbuka tarehe, nakumbuka uzito wa ndoo. Sura za waliosimama nje sizikumbuki, kwa sababu sikuziangalia.

"Mimi nilikuwa miongoni mwao," nikasema. "Kama si mlangoni kwenu, basi kwa jirani."

Tahera akanitazama mpaka mashine ikanguruma na hewa ya moto ikaanza kupanda. Kisha akanitia ile karatasi mkononi.

"Panda juu, ukamwambie Ghulamabbas," akasema. "Nyumba ya kwao pia ilichukuliwa. Sasa anaweza kukusikiliza bila kutetemeka."

Nikapanda.