Plasta Kwenye Chupa ya Shampuu

Ugonjwa unauma, lakini upumbavu wa kuacha dawa kwa kuogopa mdomo wa wifi unauma zaidi, na hauna hospitali. Na mdomo wa Sirkka, wifi yake Tuovi, haukuwa mdomo wa kawaida. Ulikuwa pasi ya moto, ukipita mahali unaacha alama.

Tuovi alikuwa na saluni ya kiti kimoja katika mji mdogo wa kule Savo, Ufini, mji wa ziwa na misitu, ambako watu husema kidogo na kukumbuka sana. Hedhi ilipoanza kukoma, viungo navyo vikamgeuka. Asubuhi vidole vilikakamaa kama kuni, mpaka avitie kwenye maji ya moto ndipo vikubali kushika mkasi. Bega la kulia likagoma kuinua draya ya kukaushia nywele. Daktari akampa plasta za homoni za kubandika nyongani, na vidonge vya kumeza usiku ili kuulinda mji wa mimba.

"Nakwambia mapema," daktari alisema, "mwanzoni utaona taabu kabla ya nafuu. Matiti yatauma, kichwa kitagonga, tumbo litachafuka. Viungo navyo vinachelewa, pengine miezi. Ukitokwa na damu usiyoielewa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, usikae nyumbani, njoo. Mengine vumilia, na usiache dawa bila kuniuliza."

Yote yakaja kama alivyoambiwa. Matiti yakawa kama majipu, hata mkanda wa gari ulimtoa machozi. Akavumilia. Na polepole, siku moja moja, vidole vikaanza kulegea.

Ndipo ikafika Jumamosi ya sauna.

Ukoo wa mumewe ulikuwa na sauna yao, kibanda cha kuogea mvuke, kando ya ziwa, wanawake huingia kwanza, wanaume wakafuata. Mle ndani watu hukaa uchi kama walivyozaliwa, na hakuna anayeonea haya tumbo lenye makovu wala matiti yaliyolala. Lakini Tuovi alipogeuka apande benchi, Sirkka aliona.

"Hee! Wifi! Ni nini hiyo hapo kalioni? Umepata pancha?"

"Plasta ya homoni."

"Ya nini?"

"Ya viungo. Na joto la ghafla la kukoma hedhi."

Sirkka akamwaga kata nzima ya maji juu ya mawe ya moto, mvuke ukapanda kwa hasira. "Joto! Mtu kaja kukaa saunani halafu analalamikia joto! Mama yangu alizalia kwenye benchi hili hili. Hedhi ikamkoma beleshi la theluji likiwa mkononi, na hakubandikwa kitu. Ninyi mkikohoa tu, plasta. Utazibwa viraka mpaka lini, kama tairi la baiskeli?"

Tuovi akapanda benchi, akaikalia plasta. Na aliyekuwa akimcheka ni nani? Ni mwanamke ambaye magoti yake yalilia kama bawaba kavu kila alipopanda ngazi, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi. Maumivu kwa Sirkka yalikuwa medali, na alitaka kila mtu avae ya kwake.

Tangu siku hiyo Tuovi akawa na mchezo wake wa aibu. Kila siku ya sauna, katika chumba cha kuvulia nguo, aliibandua plasta na kuishikiza kwenye chupa ya shampuu ndani ya mfuko wake. Akitoka, aliibandika tena. Lakini plasta iliyobanduliwa ni kama rafiki uliyemfukuza, hairudi kwa moyo wake wote. Ilirudi na manyoya ya taulo, ikakunjika pembeni, ikateleza mpaka ndani ya soksi. Mara nyingine aliisahau kabisa kwenye chupa hadi Jumatatu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu uchi aliuweka wazi, akaficha kitu kidogo kama stempu!

Mwili ukachanganyikiwa. Leo una dawa, kesho hauna. Kichwa kikagonga upya, jasho likamwamsha, vidole vikarudi kuwa kuni. Na Tuovi, badala ya kujilaumu, akailaumu dawa.

Siku moja mzee Voutilainen alikuja kunyolewa. Kidole gumba cha Tuovi kikakwama, mkasi ukaruka, damu ikachirizika sikioni kwa mzee.

"Usijali, mama," mzee alisema akijibana na kitambaa. "Hilo sikio lilikuwa linasikia mambo mengi mno."

Alicheka, akalipa, akaenda. Lakini wiki iliyofuata alionekana akitoka kwa kinyozi wa mji wa pili. Tuovi akaandika tangazo: saluni inakodishwa. Kisha akachukua boksi la plasta akaenda kuzirudisha kituo cha afya.

"Dawa yenu haifai," alimwambia muuguzi, mama mnene aitwaye Marjut.

"Plasta inakaa mwilini muda wote?"

"Inakaa."

"Hata siku ya sauna?"

Tuovi akatazama viatu vyake. Kisha akasema yote, pamoja na ya chupa ya shampuu.

"Huyo wifi yako ni daktari?" Marjut aliuliza.

"Alikuwa akiuza mbegu za viazi."

"Basi siku ukitaka kupanda viazi, msikilize! Yaani umeonja taabu zote za mwanzo, halafu unaifukuza dawa mlangoni kabla haijakaa? Umeteseka bure, mama, na bure hiyo umejitakia mwenyewe."

Maneno yalikuwa machungu, lakini yalikuwa ya kweli. Marjut akazungumza na daktari, wakambadilishia jeli ya kupaka pajani kila siku, maana plasta na joto la sauna havipatani. Vidonge vya usiku aendelee navyo.

"Jipake asubuhi kwako," Marjut alisema. "Hakuna atakayejua."

Njiani Tuovi aliyatafakari maneno hayo ya mwisho, akayachukia. Asijue nani? Mwenye vidole ni nani?

Jumamosi hakujipaka asubuhi. Alitoka saunani, akakaa barazani hadi mwili ukapoa na kukauka. Kisha akaingia chumba cha nguo, akaweka mguu juu ya benchi mbele ya Sirkka, akajipaka paja taratibu.

"Sasa umeanza mafuta ya kukaangia?" Sirkka akasema.

"Ni dawa ile ile, wifi. Na Jumamosi ijayo utaiona tena, kwa hiyo tafuta maneno mapya. Ya pancha yamechacha."

"Maumivu ni ya kuvumiliwa. Sisi—"

"Vumilia, nani kakuzuia? Chupa ya soda unafunguliwa na mjukuu, halafu mimi ndiye dhaifu? Mimi nina kazi ya kufanya na mikono hii."

"Homoni zimempanda kichwani!" Sirkka aliitangazia baraza nzima.

"Na zipande. Zilishuka vya kutosha."

Sirkka alisusa kahawa na soseji za baada ya sauna, akaenda kukaa garini. Hakubadilika, watu wa namna hiyo hawabadiliki, huzeeka tu. Vidole vya Tuovi navyo havikupona kwa muujiza. Majira mazima ya baridi asubuhi bado vilitaka maji ya moto, na matiti yalimsumbua kabla hayajatulia. Lakini barafu ya ziwani ilipoanza kupasuka, saluni ilikuwa bado yake, na draya ilikuwa katika mkono wake wa kulia, juu ya kichwa cha mteja, ikivuma.