Karibu Kabla ya Hodi

Usiku wa jana niliota farasi ameniandikia barua ya wito. Ilikuwa kwa wino mwekundu, mwandiko mzuri kuliko wangu, ikinitaka nifike mbele ya washukiwa wote saa mbili kamili asubuhi, nije na kalamu na maji yangu ya kunywa. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anatafuta kalamu.

Farasi huyo namfahamu. Anatoka kwenye gemu inayoitwa Falme za Ukungu, ambamo mfalme aliuawa, ukungu ukaifunika nchi, na aliyefanya hayo, Mvaa Kivuli, bado anaishi humo humo akisalimiana na watu. Sehemu mbili zimeshatoka, miaka mitatu imepita, na watengenezaji hawajamtaja; wanasema tungoje sehemu ya tatu. Kwa hiyo sisi wapenzi wa gemu tunamtafuta wenyewe. Kundi letu la WhatsApp lina watu mia nne na kumi na wawili, na kiongozi ni mimi, Nakiete, mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Same. Darasani kwangu jibu lisilo na njia ni sifuri, hata likiwa sahihi. Kundini nikaweka sheria ya aina hiyo hiyo: asiye na ushahidi hana mdomo.

Basi nikaenda. Ukumbi wa shauri ni darasa langu la kidato cha pili B, ila nje ya madirisha ni ukungu mtupu. Washukiwa wamekaa kwenye madawati, wameshona sare. Mezani kwangu ameketi karani, na karani ni pedi yangu ya kuchezea gemu.

"Jina?" inauliza pedi.

"Nakiete. Si unanijua? Kila siku nakushika."

"Unanishika kwa nguvu mno," inasema, na kuandika.

Farasi anasimama. Anakohoa kidogo, kiungwana.

"Mwalimu, mmenishuku miezi minane. Naomba kujua sababu."

"Hupepesi macho," nasema. "Sehemu ya kwanza nzima hukupepesa hata mara moja. Tulihesabu."

"Mchoraji wangu alisahau kope. Wiki ile alikuwa na malaria."

"Hatukujua."

"Hamkuuliza. Mkaandika kurasa kumi na nne juu ya macho yangu. Mke wangu amezisoma zote."

Nikasema pole. Farasi akasema kwa sasa hawezi kuipokea, niiweke pale kwenye meza. Nikaiweka. Ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi.

Anayefuata ni kisima cha sokoni. Hicho tulikishuku kwa sababu ukikiita, mwangwi unarudi na neno moja la ziada, na wapelelezi wangu wa kundini walikaa juu ya maneno hayo mwaka mzima wakitafuta siri. Kisima kikaeleza kwamba kinaongeza neno ili mtu abaki kidogo pale mdomoni mwake. Hakuna siri yoyote. Watu huchota maji wakaondoka, na kule chini ni giza.

Nikaanza kuona aibu, na aibu ya ndotoni haina pa kujificha. Nikageuza uso, nikatazama dawati la nyuma kabisa.

Pale amekaa mtu asiye na mdomo. Kati ya pua na kidevu pako laini tu, kama ganda la yai. Amevaa lemba la kijani alilolivaa kwenye harusi ya dada yangu. Ni mama yangu mzazi.

"Huyu amefanya nini?" namuuliza karani.

"Hana ushahidi," inasema pedi. "Sheria namba moja. Saini ni yako."

Hapa lazima niseme jambo ambalo si la ndoto. Mama alifanya kazi mapokezi ya zahanati miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akaja kukaa kwangu, na jioni akawa anakaa nami kwenye kochi akinitazama nikicheza. Kila nilipomwingiza mtu wangu katika nyumba ya watu, mama alisema "Hodi!" kwa niaba yangu, maana mimi mlango naupiga teke. Gemu inaruhusu. Unaingia, unavunja mitungi ya watu kutafuta funguo, unatoka bila hata kuaga, na wenye nyumba wanaendelea kufagia.

Siku moja akaniambia simamisha hapo.

"Huyu muuza chumvi," akasema, "hodi hujapiga, karibu ameshasema. Wengine wote mpaka uingie. Mwanangu, mimi nimekaa mapokezi. Anayekukaribisha kabla hujabisha hodi alijua unakuja. Na kama alijua unakuja, basi anakufuatilia. Adui yenu ndiye huyo."

Gemu ni ya Kiingereza, lakini neno karibu mama analijua kwa lugha yoyote. Nikamwambia hiyo ni kasoro ya gemu tu, sauti imewahi. Akacheka. Nikamwomba arudie, nikamrekodi, sekunde arobaini na tatu, nikaurusha ujumbe huo wa sauti kundini na emoji za kucheka machozi. Watu wakaomba picha ya mpelelezi mpya. Nikawapa. Kufika usiku stika zilikuwa tayari: uso wa mama, lemba lake, na chini maneno KARIBU KABLA YA HODI. Aliyezituma kuliko wote ni mimi.

Wiki mbili baadaye nikampa simu aangalie picha za kipaimara cha mjukuu wake. Kidole kikateleza, akaingia kundini. Alikaa na ile simu muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Picha zimetoka vizuri," akasema.

Toka siku hiyo, miezi minne sasa, ikifika jioni mama ana kichwa kinauma, au ana nguo za kukunja. Sikumwomba radhi. Kila siku nilisema kesho, na kesho ikifika nasahihisha madaftari. Nimewafundisha watoto wa watu kurekebisha makosa kwa wino wa rangi nyingine, langu likanishinda.

Tunarudi ndotoni. Namuuliza karani mdomo wa mama unarudishwaje.

"Kwa ushahidi. Uko kwa muuza chumvi," inasema pedi. "Lakini huwezi kufika kwake mpaka upige hodi kwenye nyumba zote ulizoingia bila hodi."

"Ni ngapi?"

"Tisini na sita. Nilikuwepo."

Nafungua mlango wa darasa na kutokea kwenye korido ya zahanati aliyofanyia kazi mama. Dawa ya kusafishia sakafu inanukia. Milango ni mingi, pande zote mbili, na kila mlango ni nyumba niliyoivamia. Farasi ananisindikiza. Anasema si kwa mapenzi, ni utaratibu.

"Hodi," nasema kwenye mlango wa kwanza.

"Tumesikia," wanajibu ndani. Karibu hawasemi.

"Hodi," nasema kwenye wa pili. Ndani nasikia watu wanaunga mitungi kwa gundi.

Wa tisa ananijibu mwanamke. "Wewe ndiye uliyevunja mitungi yangu kumi na miwili ukitafuta ufunguo? Ufunguo ulikuwa unaning'inia mlangoni, mama. Ungebisha ningekuonyesha."

Hilo likanichoma. Naendelea mlango kwa mlango, na mbele kidogo sakafu yote imebandikwa stika za mama. Siwezi kupita bila kumkanyaga usoni. Napiga magoti, nabandua moja, na inapobanduka ule ujumbe wa sauti unaanza kusema. Nabandua nyingine, unaanza upya. Nimeusikia mara sitini au sabini pale sakafuni.

Na hapo ndipo nikajua kwamba kule nyumbani sikuwahi kuusikiliza hadi mwisho. Hata nilipomrekodi nilikuwa nacheka, na nilipousikiliza nilikata pale penye kuchekesha. Mwishoni kabisa kuna sekunde sita nyingine, na mama anasema ndani yake:

"Haya, watumie. Halafu uniambie wamesemaje, maana mimi sijawahi kuwa na kundi."

Nikalia. Farasi akasimama pembeni bila kupepesa macho, na safari hii sikumshuku.

Mlango wa tisini na saba uko mwisho wa korido. Nainua mkono. Haujafika.

"Karibu," inasema sauti ndani.

Muuza chumvi ni mtu mfupi, amevaa soksi bila viatu, ameketi juu ya sanduku la safari.

"Ndiyo, ni mimi," anasema kabla sijauliza. "Mfalme nilimuua mimi. Huo ukungu nao ni wangu. Kaa, mwalimu."

"Mbona unakiri upesi hivyo?"

"Miaka mitatu najificha. Unafikiri ni kazi nyepesi? Yule mama aliponigundua nilifunga duka, nikavaa koti, nikakaa hapo kizingitini kungoja mje mnikamate. Mkaja mnacheka. Nikavua koti, nikarudi kupima chumvi."

"Tulidhani ni kasoro ya gemu."

"Falme tisa zinanilaani," anasema kwa uchungu, "ninyi mnaniita kasoro."

Namwomba radhi hata yeye. Nilikuwa nimeshafika mahali ambapo ningemwomba radhi hata ukuta. Muuza chumvi akasema anaipokea, maana hajawahi kuombwa. Kisha akachovya vidole kwenye gunia la chumvi.

"Nyoosha mkono. Mfalme nilimwekea hii kwenye mchuzi. Punje tano haziui mtu, ila zinatosha kuwa ushahidi. Funga kiganja, usikifungue mpaka umfikie mwenyewe."

"Na wewe itakuwaje?"

"Nitashindwa. Ndiyo kazi ya adui. Ila mwambie yule mama kwamba alinipata kwa haki, njia na jibu."

Nageuka kutoka, na mlango wake unafungukia kwenye ukumbi wa nyumba yangu mwenyewe. Mbele yangu kuna mlango wa chumba cha mama. Kiganja nimekifunga mpaka kucha zinaniuma.

"Hodi, mama."

Kimya.

"Hodi."

Nabandika sikio, sisikii hata pumzi. Nakumbuka hana mdomo, ataitikaje? Ushahidi ninao mimi, na mimi niko nje.

"Hodi, mama!"

"Hiyo ya tatu," anasema farasi nyuma yangu. "Mtu asipoitikiwa mara tatu, adabu ni kuondoka."

"Najua adabu."

"Hukuwa unajua."

Napiga ya nne. Napiga ya tano. Nabisha kwa ngumi na kwa paji la uso, nasema hodi hodi hodi mpaka neno linakwisha maana, na ukungu unaingia chini ya milango, na farasi anaanza kunihesabia kwa sauti ya huruma.

Nikaamka.

Ilikuwa Jumamosi, kumepambazuka, jogoo wa jirani ameshachoka. Sebuleni gemu ilikuwa imewaka: sehemu ya tatu, iliyokuwa ikipakuliwa tangu jana, imekamilika. Wakati wowote mwingine ningekimbilia pedi. Nilinyanyuka nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mama. Mkono mmoja ulikuwa umekufa ganzi, nikainua ule mwingine.

Sikuwa nimebisha.

"Karibu," mama akasema ndani.

Nikasimama pale na mkono wangu hewani. Kisha nikaingia. Alikuwa ameketi kitandani na shuka miguuni, nywele bado hajazifunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tangu alfajiri unapiga hodi," akasema. "Nimeitika mpaka koo limekauka, wewe huingii. Una nini, Nakiete?"

"Mama, nilikukosea. Ile sauti yako. Zile stika. Picha yako nilitoa mimi mwenyewe."

"Najua."

"Nisamehe."

Alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Nilitaka kusema kwamba watu walimcheka kwa upendo, lakini ungekuwa uongo, na nilishachoka kumdanganya.

"Sehemu ya tatu imefika," nikasema. "Leo wanamtaja. Njoo tukae wote."

"Nitakuja kukaa," akasema mama taratibu. "Ila nitatazama tu. Sisemi neno. Mimi sina ushahidi."

Ile sheria sikuwahi kumtajia. Alikuwa ameisoma mwenyewe, siku ile kidole kilipoteleza, na ameishika miezi yote minne kama mtu mwenye adabu anavyoshika sheria za nyumba ya watu.

Ndipo nikauhisi ule mkono wangu wa kushoto, uliokufa ganzi. Ulikuwa bado ngumi. Nikamnyooshea mama, nikafungua vidole kimoja kimoja, kwa maumivu. Katikati ya kiganja, kati ya alama za kucha, kulikuwa na punje tano za chumvi ya mawe. Nyumbani kwangu tunatumia ya unga.

Mama akaokota moja, akaiweka kwenye ncha ya ulimi. Akanitazama.

"Si nilikwambia," akasema.