Viatu Vyekundu vya Mwitikiaji

Fundi viatu alikuwa anapaka gundi soli ya kiatu cha mwalimu pale binti yake aliposogeza kopo la misumari na kumwekea simu mezani. Alikuwa ameshamuunganisha na huduma ya muziki ya mtandaoni. Akamweleza, kisha akarudia polepole: ukijiunga unalipa kila mwezi na nyimbo zote za dunia zinakuwa zako, mpaka siku utakapoacha kulipa. Ukinunua unapata wimbo mmoja, lakini unakaa ndani ya simu, na hata mtandao ukikatika upo.

"Kwa hiyo ni kupanga na kujenga," fundi akasema.

"Ndiyo, baba. Ila kwa kujenga unapata chumba kimoja tu."

Fundi hakuhitaji zaidi ya chumba kimoja. Katika nyimbo zote za dunia alitaka ule ambao marehemu mkewe aliuitikia na bendi kabla binti hajazaliwa. Lakini mwezi wa kwanza ulikuwa umeshalipiwa, na cha bure si adabu kukikataa. Akabonyeza. Gitaa likaanza. Kiitikio kilipofika, mkewe akapiga hodi, akaingia, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuimba sehemu yake. Binti akamletea maji. Wimbo ulipokwisha akashukuru kwa maji, akasema kuna watu wanamngoja, akatoka.

Ikawa hivyo kila jioni. Pengine alichelewa kidogo, maana aliyejiunga si fundi peke yake. Fundi hakumuuliza anatoka wapi, aliangalia miguu. Mkewe alivaa vile viatu vyake vyekundu vya jukwaani, vya kisigino kifupi, na soli hazijui kutunza siri. Leo zilikuja na chokaa ya nyumba inayojengwa, kesho na mafuta ya gereji, keshokutwa na majani mabichi. Kisigino cha kulia kililika upande mmoja, kwa sababu alikuwa akiimba anapiga mdundo kwa mguu ule. Alipita kwa walinzi, kwa madereva wa malori, kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake na kupenda kuusikiliza wimbo akiosha vyombo. Alisimulia haya akicheka mpaka lile pengo la jino la pembeni likaonekana. Fundi alikuwa amelisahau lile pengo.

Hapo ndipo moyo ulipomuuma. Zamani, bendi ilipopata safari ndefu, mkewe alimletea viatu hivi hivi vikiwa vimeachia soli. Ilikuwa kazi ya kumalizika kabla chai haijapoa. Fundi akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Kesho ya fundi ni utani wa mjini kote, na mkewe naye alicheka, mwanzoni. Bendi ikaondoka na mwitikiaji mwingine. Wawili hao hawakugombana hata neno moja. Viatu vilikaa kwenye rafu mpaka vikaota ukungu, na mkewe alipofagia alipitisha ufagio chini yake na kuendelea. Fundi alijiambia kwamba alimpenda mno hata hakuweza kumgawa kwa watu. Alimpenda kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Siku mkewe alipofariki alivishona vizuri, mishono miwili miwili, akavirudisha kwenye rafu. Asubuhi yake havikuwapo.

Majuto ni mjukuu, na ya fundi yalikuwa yameshaota meno. Hata hivyo, jioni moja mkewe alipofika hoi, mwenye furaha, akaimba mstari mmoja tu kabla huduma haijarukia wimbo wa watu wengine na yeye kuaga, fundi alimwomba binti amwonyeshe namna ya kununua.

"Mwache mama atembee," binti akasema. "Kwangu pia anapita, saa namlaza mtoto."

Fundi akasema amesikia. Kisha akaenda kwa muuza simu wa pale kona, akaununua wimbo, akaonyeshwa na kitufe cha kuurudiarudia.

Mkewe akaja, akaimba, akasimama kuaga. Kiitikio kikaanza tena, akaketi. Fundi aliitia simu kwenye chaji, akaiweka juu ya rafu pasipofikika bila kigoda. Wateja walimsalimu mama, wakaacha viatu vyao na kwenda zao. Mmoja alisema nyumba ikiwa na mwanamke hupendeza, na fundi akakubali.

Baada ya siku chache binti alikuja na mtoto mgongoni. Akasimama mlangoni.

"Kwangu hapiti tena," akasema. "Wimbo unafika pale anapoitikia, panabaki ngoma tu. Jirani naye kaniambia hivyo hivyo."

Fundi akasema labda ni mtandao. Binti akaitazama simu juu ya rafu, akamtazama mama yake, ambaye alimtikisia kichwa huku akiimba. Akamgeuza mtoto amwone bibi yake mpaka wimbo ukaisha na kuanza tena. Halafu akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jioni ile, katika kale kanafasi kadogo kabla gitaa halijaanza upya, mkewe alivua viatu na kuviweka mezani kati ya vya wateja. Soli ya kulia ilikuwa imeachia. Haikuwa na vumbi lolote.

"Fundi, kazi ndogo hii," akasema. "Nivipate leo? Watu wananingoja."

Fundi akakigeuza kiatu mkononi. Gundi kidogo na mishono michache. Sindano ilikuwa na uzi tayari. Alijua ni neno gani lilikuwa linamjia, akatamani kulimeza.

"Kesho," akasema.

Safari hii mkewe hakucheka. Fundi akavipandisha viatu kwenye rafu, kando ya simu, na kiitikio kikafika.