Siku Wazazi Walipoipaka Shule Chokaa

Hamtaamini, lakini kuna shule hapa Nakawa imenyimwa pesa kwa sababu ya usafi. Usafi! Ngoja, usicheke kwanza.

Mwalimu Alal anafundisha darasa la nne katika shule ya serikali, ubavuni mwa kambi ya jeshi. Shule yenyewe, jamani banange, ni jina tu. Ukuta wa darasa lake umepasuka hivi kwamba unapitisha mkono, unamsalimia mwalimu wa darasa la tano. Watoto wanakaa chini, wanaandikia magotini. Alal ndiye mwakilishi wa chama cha walimu pale, na chama kilibisha milango ya wakubwa mpaka vidole vikaota sugu: ongezeni pesa za shule za umma, watoto wanateseka! Mwisho kamati ya bunge ikalegea. Sawa, tutakuja kuona shule moja kwa macho yetu kabla bajeti haijafungwa. Tukiona shida, tutaongeza.

Chama kikachagua shule gani? Ya Alal! Alilia kwa furaha.

Ijumaa akaita wazazi, karibu wote wanajeshi na wake zao. Mvua inapiga mabati, hakuna anayesikia vizuri, kwa hiyo akapaza sauti: "Jumatatu wakubwa wanakuja kukagua shule! Wazazi wote mfike!" Basi. Mengine, kwamba wageni wanakuja kuona shida, aliona yanajulikana. Akakimbilia Bukoto kwa wenzake wa chama kuandaa hotuba.

Jamani! Unamwambia mwanajeshi kwamba mkubwa anakuja kukagua, halafu unaondoka?

Jumatatu asubuhi Alal akafika getini, akadhani amekosea njia. Kuta nyeupe pee! Mawe ya njiani yamepakwa rangi, moja jekundu, moja jeupe, kama ya kambini. Vyoo vilivyojaa vimefungwa kwa mbao na kupambwa maua. Akakimbia darasani. Mabenchi mazuri, watoto wamekaa wima. Ule ufa? Umezibwa matope, juu yake pazia la maua.

Mama Pélagie, mzazi Mkongomani anayeuza vitenge, alikuwa anafuta benchi la mwisho. Mabenchi ya kanisa lake.

"Mama Pélagie, toa haya mabenchi! Tafadhali, toa sasa hivi!"

"Eh! Bageni bakuye bakute batoto chini? Apana, mwalimu. Mimi nitasikia haya."

Sajenti Okwir, mwenyekiti wa wazazi, akaingia. Chokaa mpaka kwenye nyusi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akapiga saluti. "Mwalimu, shule iko tayari! Hata jiwe moja haiko chafu!"

"Afande Okwir, mmefanya nini?"

Magari yalikuwa yanaingia.

Mheshimiwa, mbunge anayeongoza kamati, akashuka na watu wake, na kamanda wa kambi ubavuni. Akazunguka, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii ndiyo shule mnayoililia kila siku? Kijijini kwangu hatuna hata nusu ya hii! Ninyi walimu mnapenda migomo tu." Wageni wakacheka.

"Mheshimiwa, mabenchi haya si yetu," Alal akasema. "Na nyuma ya pazia hili..." Tayari alikuwa ameshika ncha yake.

"Ngoja, tumuulize mzazi. Afande, mtoto wako anakaa chini hapa?"

Okwir akakaza mwili, buti likalia. Kamanda wake anamtazama. "Hapana, mkubwa! Kila kitu iko sawa!"

Sasa fikiria. Pazia liko mkononi mwa Alal. Akivuta, ukuta utajisemea wenyewe. Lakini akivuta, itaonekana Sajenti Okwir amemdanganya mheshimiwa mbele ya kamanda wake, na kwa jambo kama hilo mtu analala ndani. Na pale benchi la mbele amekaa Teresa, binti yake Okwir, kidevu juu, anamwangalia baba yake kama vile ndiye rais.

Vidole vya Alal vikalegea.

Mheshimiwa akapiga picha na watoto, akasema pesa ziende kwenye shule zenye shida kweli, akapanda gari.

Kabla ya saa ya chakula Mama Pélagie akaja na wanakwaya kuchukua mabenchi, maana wana maombi. Watoto wakarudi chini, na nguo zao safi. Matope ya ukutani yalikuwa yameanza kudondoka nyuma ya pazia, tap, tap.

Okwir akabaki mlangoni, anazungusha kofia mikononi. Akasogea, akamnong'oneza Alal, uso umejaa matumaini:

"Mwalimu, niambie ukweli. Tumepita?"

Alal akamtazama zile nyusi zenye chokaa.

Wewe ungemwambia nini?