Chumba cha Kuangalia Ziwa

Ulipofika wakati wa kuchagua mahali pa kulala, msusi hakumwachia mumewe nafasi hata ya kukohoa. Safari yenyewe ilikuwa wazo la mume, hilo alikubali. Seremala yule, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupumzika ila kwa homa, alirudi jioni moja kutoka karakana, akanawa mikono, akasema, "Mama watoto, twende ziwani. Mimi na wewe tu."

"Kuna msiba huko?"

"Hakuna msiba. Tukapumzike. Mtoto wa mwisho tumeshamwoza, nyumba imebaki na sisi na paka. Twende sasa, kabla..."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hatujazeeka."

Msusi alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini moyoni alifurahi kama mwali.

Kesho yake saluni iligeuka ofisi ya safari. Kila mteja aliyekaa kitini alikuwa na hoteli yake. Mmoja alisifu ile yenye bwawa la kuogelea. "Bwawa la nini, na ziwa liko pale?" mwenzake akamdaka. Mwingine akaonya juu ya ile ya karibu na gati, kwamba muziki wake haulali. Ndipo mwalimu mmoja, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimefumuka, akatoa simu na kumwonyesha hoteli iliyojengwa juu ya kilima. Ziwa lote lilikuwa limetandazwa chini yake, na mashamba ya kijani yakiteremka mpaka majini. Msusi aliachia nywele za watu zikaning'inia.

"Hii hii," akasema. "Msinionyeshe nyingine."

Nyumbani alimpa mumewe simu aone picha. Seremala aliishika, akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akairudisha kwa mwenyewe.

"Wewe nisimulie tu."

"Hata kuangalia picha unaona uvivu?"

Akamsimulia. Mume akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole kwamba yeye alikuwa ameshampigia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, chini kabisa ufukweni. Vyumba vichache, veranda ndogo ya kukaa watu wawili, ukiteremka tu umekanyaga maji. "Anasema ukilala unasikia ziwa linavyolamba mawe. Na vyura."

"Vyura!" Msusi alipiga makofi. "Baba watoto, tunakwenda kuliangalia ziwa au kulisikiliza?"

Seremala alifungua mdomo, akaufunga. "Haya," akasema. "Chagua wewe."

Mzaha ule ulimkolea msusi kiasi kwamba aliupeleka saluni. Wateja wakaangua vicheko, na juma zima kila aliyeingia aliulizwa kama amekuja kusukwa au kusikiliza wenzake wanavyosukwa.

Hoteli ilikuwa kama ilivyokuwa pichani, ila picha haikuonyesha ngazi. Zilikuwa ngazi za mawe, zinapinda huku na kule kati ya maua. Seremala alimshika mkewe mkono tangu ya kwanza hadi ya mwisho, akikanyaga kwa hadhari kama mtu anayepita kwenye utelezi. Msusi aliona mapenzi yamerudi, akaringa kidogo mbele ya wageni wengine.

Mapokezi wakawapa habari mbaya: chumba chao cha kuangalia ziwa kilikuwa kimepasuka bomba, wangelala upande wa nyuma mpaka kesho. Msusi alimfikisha mumewe chumbani, akaweka mizigo, akajifunga kibwebwe.

"Wewe pumzika. Mimi nawashukia."

Alibishana nao weee, akatoka na ahadi ya chumba kizuri asubuhi na chai ya bure. Akapanda ngazi akijipongeza. Alipofungua mlango alimkuta mumewe amevuta kiti hadi dirishani, amekaa wima, mikono magotini, kama mgeni mwenye adabu.

"Mke wangu," alisema bila kugeuka, "haki yako nakupa. Ziwa linapendeza. Leo limechafuka kidogo, mawimbi meupe hayo, lakini linapendeza."

Msusi alichungulia juu ya bega lake. Nje palikuwa na ua wa kufulia. Shuka za hoteli zilikuwa zimeanikwa kamba baada ya kamba, na upepo ulikuwa ukizipeperusha.

"Mawimbi ya sabuni hayo!" alisema, akacheka. Alicheka peke yake. Seremala alikuwa amegeuka sasa, anamtazama mahali karibu na uso wake, si usoni penyewe.

"Ni nini?" aliuliza taratibu.

"Shuka. Zimeanikwa." Kicheko kilimkauka. "Baba watoto, huoni zile ni shuka?"

Seremala alifuta magoti yake kwa viganja, kama anapangusa vumbi la mbao.

"Ni presha ya macho," alisema. "Tangu mwaka jana. Daktari amenipa matone, lakini kasema yaliyokwenda yamekwenda. Matone ni ya kuyabembeleza yaliyobaki yasikimbie. Nayo yanakimbia."

Msusi alikaa kitandani. Akakumbuka jinsi mumewe alivyoanza kumwachia fundi mwenzake kazi zote za msumeno, na yeye akamtania kuwa amekuwa bosi. Akakumbuka chai iliyomwagwa pembeni ya kikombe, na maneno aliyomtolea.

"Ukanificha mimi?"

"Nilitaka kukuambia kule chini, kwenye ile veranda. Nilishajipanga. Nikaona tukikaa bega kwa bega, maji hapo miguuni, halitakuwa neno zito. Halafu ukaniuliza lile swali lako, nikaona aibu."

Hakuuliza swali gani. Saluni nzima ilikuwa inalijua.

"Na mimi, unanionaje?"

"Ukikaa hapa karibu nakuona. Macho, pua, hata hiyo midomo unayoiuma sasa. Ukifika mlangoni umekuwa gauni tu." Akatabasamu. "Nilitaka nikuone siku mbili tatu, bila wateja. Ziwa lilikuwa nyongeza."

Asubuhi msusi hakuulizia chumba wala chai ya bure. Walishuka polepole mpaka ufukweni. Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mwenye sauti ya furaha, aliposikia tu salamu ya seremala alipiga kelele.

"Wewe si ndiye baba wa vyura? Nilikuwekea chumba, nikakungoja, kimya! Juzi nimewapa watu na watoto wao. Nimejaa mpaka jikoni."

"Makosa ni yangu," alisema msusi.

Mama yule akawaachia veranda wakae mpaka jua likaze. Seremala alivua viatu, akakunja suruali, akashuka majini, akachekea baridi. Msusi naye akaanza kumsimulia haraka haraka, kama anayelipa: boti ile inavyokatiza, ndege mweupe juu ya jiwe, vilima vya ng'ambo vilivyofunikwa ukungu.

"Tulia, mama watoto," mumewe alimwambia kwa upole. "Njoo ukae hapa nikuone."

Akaenda akakaa. Mumewe alimtazama muda mrefu, na yeye hakujua auweke vipi uso wake.

Walirudi mwaka uliofuata, safari hii moja kwa moja kwa mama yule. Seremala alikuwa na fimbo nyeupe, na mwanga alikuwa akiujua kwa joto lake tu. Hakuwa na huzuni. Alikula vizuri, akazoeana na kila mgeni, akalala usingizi mnono. Mama mwenye nyumba alipouliza wanataka chumba cha mbele au cha pembeni, alisema, "Muulize mke wangu, yeye ndiye fundi wa kuchagua." Alisema kwa mapenzi, bila kisu ndani yake.

Msusi alichagua cha mbele, akaweka mizigo, akatoka peke yake hadi kwenye mawe. Ziwa lilikuwa zuri kuliko picha yoyote. Alilia huku amejiziba mdomo, kisha akainama, akanawa uso vizuri, maana mumewe angempapasa akirudi.